Utepe wa Mgeni Rasmi

Voi, Jumatatu jioni

Kaka Mwadime,

Mlio wa kile kipimo kikuukuu cha oksijeni cha hapa hospitalini haujanitoka masikioni: ti, ti, ti, kisha kimya. Kilikufa katikati ya upasuaji, nami niliyempa mgonjwa dawa ya usingizi nikabaki nimeshika mshipa wa mkono wake mpaka alipoamka.

Nyumbani Wusi wamepata mvua. Mama anakusalimu. Kesho anatolewa lile rovu la shingoni, na mimi ndiye nitakayempa dawa ya usingizi.

Kipimo kipya kipo. Kimefungwa utepe mwekundu ofisini kwa Daktari Kaloki, msimamizi wetu, kikimngoja mgeni rasmi aje kukizindua. Ameshaahirisha mara mbili.

Nilipomwomba akitoe, Kaloki alisema, "Dada, subira. Akishakata utepe, utakitumia mpaka uchoke."

"Na wagonjwa nao wasubiri kupumua, Daktari?"

Alicheka. Mwadime, alicheka!

Mama anasema nisigombane na wakubwa, Mungu yupo. Najua yupo.

Leo Kaloki alipokwenda mkutanoni, niliingia nikaukata utepe kwa mkasi wa kukatia nyuzi za vidonda. Kipimo kimeshinda kidoleni mwa mwanamke wa Kishushe, kikilia vizuri. Utepe nimemwekea Kaloki mezani.

Dadako,
Mkawasi