Beji ya Kwenye Droo

Eldoret, 3 Februari 2024

Baba mpendwa,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Magoti yanaendeleaje? Masikio yako na simu bado hayajapatana, kwa hivyo nakuandikia kama zamani. Mimi na Lennox ni wazima, ila mume wangu analalamika kwamba siketi. Ni kweli. Chai inapoa nikizunguka jikoni.

Walitupima damu sisi wote tunaofanya kazi na eksirei katika chumba cha upasuaji. Yangu ilirudi na maneno mabaya: kromosomu nyingi zimekatika na kuungana ovyo, kama za mtu aliyepigwa na mionzi kwa miaka. Lakini beji yangu ya kupima mionzi inasema miaka tisa sijapata kitu. Sasa ofisi inataka nitie sahihi kwamba niliivaa kila siku.

Baba, unajua ilikuwa wapi. Ulinifundisha wewe, wiki yangu ya kwanza kazini: mwezi ukiwa na wagonjwa wengi, beji ilale kwenye droo, isije ikasoma mionzi mingi wakakutoa kwenye mashine na kukuweka chumba cha mafaili. Na tunataka mtoto. Naogopa. Nifanye nini?

Binti yako,
Awuor

Kendu Bay, 12 Februari 2024

Awuor, mama yangu, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Barua imenikuta mzima, namshukuru Mungu. Magoti yanalalamika, lakini yalianza kabla hujaolewa. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Tia sahihi. Mimi nilipiga picha za eksirei miaka thelathini, beji kwenye droo, na leo nina miaka sabini na moja na natafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yangu mwenyewe. Hao watu wa maabara wakikosa ugonjwa wanautengeneza. Ukisema, watakufuta. Funika kombe mwanaharamu apite.

Baba yako,
Jeconia

Eldoret, 27 Februari 2024

Baba,

Natumai hujambo, na ndama pia. Sijatia sahihi. Kila siku nawaambia kesho.

Jana Nekesa, msichana mpya kwenye mashine, mwenye mimba ya miezi minne, alivua beji yake mbele yangu akafungua droo yangu. "Sister Awuor, si mnawekanga hapa? Sitaki wanitoe mapema." Hakuna aliyemfundisha. Aliona kwangu. Niliichukua nikamrudishia kifuani.

Sasa nakuuliza jambo ambalo Mama hakutaka nikuulize mpaka akafa. Wale wawili walionitangulia, waliozaliwa wakiwa wamekufa, uliwahi kumwuliza daktari yeyote sababu? Nijibu, hata kama ni vibaya.

Binti yako,
Awuor

Eldoret, 14 Aprili 2024

Baba,

Hizi ni karibu wiki saba. Jirani yako Mzee Amolo ameniambia kwa simu kwamba u mzima na unakula. Basi si ugonjwa. Nijibu.

Awuor

Kendu Bay, 22 Aprili 2024

Mama yangu,

Leo salamu zimenishinda. Nimeandika mara nne nikachoma.

Sikumwuliza daktari. Mama yako alinisihi niulize, nikamwambia ni mapenzi ya Mungu. Mpaka leo sijui kama ni ile mashine, labda siyo. Lakini sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Na woga huo nikakurithisha wewe, nikauita ujuzi wa kazi. Nisamehe.

Ndani ya bahasha kuna barua nyingine, ya ofisi yenu. Nimesema ni mimi niliyekufundisha kuficha beji. Wapelekee. Wanitaje wanavyotaka.

Baba yako,
Jeconia

Eldoret, 2 Mei 2024

Baba yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa magoti.

Barua ya ofisi sijaipeleka. Niliwaambia ukweli mwezi wa tatu, wewe ukiwa bado umeninyamazia. Sasa nakaa chumba cha mafaili, na Nekesa yuko meza ya pili mpaka ajifungue, amenuna kama mtoto aliyenyimwa andazi. Kwako sikuwa nikingoja ruhusa, nilingoja jibu. Barua hiyo nimeiweka pamoja na vitu vya Mama.

Daktari anasema hakuna anayeweza kuniambia kwa hakika mtoto wangu atakuwaje. Baba, hedhi yangu imechelewa siku kumi na moja. Hata Lennox sijamwambia. Bado siketi. Niandikie upesi, usikae wiki saba tena, na kama unaogopa, andika kwamba unaogopa.

Binti yako,
Awuor