Vileja vya Mwezi wa Saba

Jumamosi, 12 Julai

Vileja tena. Jumamosi ya tatu mfululizo. Mkaa chini ya sufuria, mkaa juu ya mfuniko. Unga wa mchele, sukari, hiliki, samli ya Mama. Pazia limeshushwa, mlango umetiwa komeo. Baridi ya kijiji hiki cha Ruanda inauma kweli, kwa hiyo kisingizio cha kujifungia ninacho.

Mama alituma kopo la samli kutoka Tanga kwa basi. Aliniambia nioke vya Idi, nigawe kwa majirani. Idi ikanikuta Lundo, kule ziwani, kwenye chanjo ya mifugo. Nikarudi, kopo likanisubiri. Ningeweza kugawa hata baada ya Idi. Sikutaka. Ukweli ni huo, hauna pambo. Ukimpa mmoja, kesho wanakuja kumi.

Nakula kwenye sahani ya Bibi Osmunda, jirani wa upande wa shamba la kahawa. Sahani ya bati, ukingo wa bluu. Aliniletea keki ya Krismasi juu yake, kipande kikubwa kuliko alichobakiza kwake. Sahani ya jirani hairudishwi tupu, kwa hiyo haijarudi. Karibu miezi saba.

Jumapili, 13 Julai

Aibu. Sijui nianzie wapi.

Bibi Osmunda amekuja baada ya misa, kitenge cha kanisani bado mwilini. Alipopiga hodi nilikuwa na kileja mdomoni. Nimeisukuma sahani chini ya kochi kwa mguu. Sahani yake mwenyewe.

“Idi njema, mwanangu. Mbona hukutuambia?”

Jana harufu ilimfikia kwenye kichanja cha kahawa. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilimpelekea vileja vya Idi, harufu ile hajaisahau. Kwake hiliki na samli ni Idi. Nilipaswa kusema hapana Bibi, sikukuu ilipita mwezi uliopita, mimi ni mroho tu. Nimesema ahsante.

Akatoa jogoo kwapani. Yule mwekundu. Namjua, nilimdondoshea chanjo ya kideri kwa mkono wangu, na siku ile Bibi aliniambia ni wa Komunyo ya Kwanza ya mjukuu wake, Editha. Nimemkatalia mara mbili. Akasema wa Komunyo atatafutwa mwingine, Idi haisubiri. Amemleta mzima ili nimchinje mwenyewe, kwa utaratibu wetu.

Hata hilo alilifikiria.

Jumatatu, 14 Julai

Jogoo yuko jikoni, kamba mguuni. Sina mkono wa kumchinja.

Katekista kanipa Idi njema barabarani. Mama wa mgahawa kanipa chai bure kwa ajili ya sikukuu. Nimeinywa! Mwongo mzima, na cheo cha afisa mifugo wa serikali juu.

Mzee Rajabu wa dukani, Mwislamu mwenzangu pekee mtaa huu, ameniita pembeni. “Afisa, wewe unafuata mwezi wa wapi?” Amecheka mpaka akashika kaunta. Nimemwomba asiseme. Hapo akaacha kucheka. Akageuka kupanga sabuni zake.

Jumatano, 16 Julai

Jogoo anawika. Alfajiri, saa nne, mchana kweupe. Mtaa mzima unamsikia na unajua anapaswa kuwa mchuzi.

Jioni Bibi kaja uani kwangu. Hakuingia ndani. Alisimama mikono ameikunja mbele, kama anaongea na mkubwa wake. Mimi ninayemwamkia shikamoo kila siku.

“Mwanangu, kama kuku wa Mkristo hamumli, nisamehe. Sikujua. Sikutaka kukuudhi kwenye sikukuu yako.”

Ananiomba msamaha. Yeye, mimi.

Nimesema hapana Bibi, si hivyo, nilibanwa na kazi. Uongo juu ya uongo. Ameondoka anatazama chini, na najua hakuniamini. Anadhani ninamwona najisi.

Sijala kitu. Nimeitoa sahani chini ya kochi, ina chengachenga za vileja. Nimeiosha. Najichukia.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeoka asubuhi, samli yote iliyobaki, mlango wazi. Nimekwangua kopo kwa kijiko. Sikuonja hata kimoja.

Baada ya swala nimekwenda. Sahani mkono mmoja imejaa, jogoo kwapani. Bibi alikuwa anachambua kahawa. Nimesema yote nikiwa nimesimama. Kwamba hakuna Idi. Kwamba nilikuwa naoka na kula peke yangu, mlango nimeufunga, Jumamosi tatu. Kwamba nilikula kwenye sahani yake. Kwamba kuku wake ni halali kwangu kabisa, na mwenye uchafu ni mimi.

Hakunyanyua uso. Mikono ikaendelea, mbovu huku, nzuri huku. Kisha swali moja tu.

“Sasa mlango ulikuwa unaufunga kwa sababu gani? Nani angekunyang’anya?”

Nimemnyooshea sahani na jogoo.

Amechukua jogoo. Amechukua sahani, akaiweka kando bila kugusa kilichomo. Hakuniambia keti. Nimerudi kwangu nikiwa na mikono mitupu.

Jumamosi, 19 Julai

Hakuna mkaa, hakuna sufuria. Nimeandika ripoti ya chanjo. Jogoo anawika upande wa pili. Bibi amepita njiani, nimetoa shikamoo, ameitikia marahaba na kuendelea. Ni haki yake.

Jumapili, 20 Julai

Leo harufu imetoka kwake. Keki. Ile ile ya Krismasi, yenye maganda ya limao. Katikati ya msimu wa kahawa.

Nimebaki ndani, pazia wazi. Nimemwona katekista akiingia, mama wa mgahawa, hata Mzee Rajabu na kofia yake. Nikajiambia hainihusu.

Kisha sauti ya Bibi kutoka uani. “Afisa! Leo kwangu Krismasi. Njoo!”

Nimekwenda. Nimekaa karibu na mlango. Watu walikuwa wanaongea bei za kahawa, hakuna aliyenitaja. Vileja vyangu vilikuwa mezani kwenye sahani ya bluu, vimebaki vitatu. Editha alikuwa na kimoja shavuni.

Bibi alikata keki akagawa. Kila mtu alipewa kwenye sahani. Aliponifikia alisita kidogo, akaniwekea kipande changu mkononi, bila sahani.

Nimekula pale pale, mbele yao, mpaka makombo.