Posa Iliyopelekwa na Mtu wa Vyuma

Vitongoji, Pemba
6 Mei 2024

Mwanangu Hudhaifa,

Assalaam aleikum. Mguu wangu umepata nafuu kidogo. Mama yako hajambo, anauliza kama unakula.

Barua yako nzima ni Mwalimu Seif. Mwalimu Seif alikuonyesha kukipasha moto chuma kisichoshika kutu, kukivuta polepole, kisha kuifundisha kompyuta ikisie kitarefuka kiasi gani. Mwalimu Seif alikupeleka kula samaki. Mimi niliyekushika mkono kukupeleka chuoni kusoma Kurani sikupata hata salamu. Sina kinyongo. Nauliza tu: huyo Seif hana watoto wake?

Baba yako

Dar es Salaam
20 Mei 2024

Baba yangu,

Waaleikum salaam. Shikamoo. Niwie radhi, kazi ilinivuruga akili. Nilitumia vipimo vya chuma baridi kukisia chuma cha moto, na kila jibu likakosea. Mwalimu ndiye aliyeliona kosa. Moto ukizidi, chuma huendelea kurefuka hata mzigo usipoongezwa.

Kuna jingine. Nataka kumuoa Laila, binti wa Mzee Abrahman wa Temeke. Kwa kuwa mguu unakuuma, Mwalimu alinipelekea posa.

Mwanao

Vitongoji
2 Juni 2024

Hudhaifa,

Salamu. Tu wazima.

Posa ya mwanangu imepelekwa na mtu wa vyuma! Mguu unauma, ulimi je? Mama yako anasema, "Bwana we, mtu katenda wema, mshukuru." Nimemwambia amshukuru yeye. Kompyuta inayokijua chuma kabla hakijapinda haikumjua baba? Basi huyo Seif akuozeshe, na wajukuu wamwite babu.

Talib

Dar es Salaam
15 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Umetia saini kwa jina lako. Kosa ni lile lile la kazini: nilikupima ukiwa umetulia.

Mzee Abrahman alimpa Mwalimu kahawa, kisha akasema: "Ahsante, lakini kijana huyu si yatima. Jibu nitampa baba yake." Usipokuja, hakuna ndoa.

Mwanao, ukinikubali

Vitongoji
23 Juni 2024

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Huyo Mzee Abrahman ni mtu anayejua mambo. Nakuja na boti ya Jumatano, na haluwa ya Wete nimekwisha kuiagiza. Mguu utanyooka njiani.

Mwalimu Seif naye aje, amekufundisha, simkatazi. Ila akae nyuma yangu, na azungumze akiulizwa.

Baba yako