Aliyefuata Bendera ya Kijani

Beijing

Dada yangu Guifen,

Pokea salamu za mdogo wako anayezidi kunenepa huku nywele zikimkimbia. Natumaini goti lako limetulia kwa kuwa baridi imepungua, na shemeji ameacha kugombana na majirani juu ya sataranji. Huku tu wazima, ila mimi silali vizuri. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungenicheka kabla sijamaliza.

Wiki iliyopita nilipewa kundi la wastaafu wa reli kutoka Datong niwatembeze mjini. Kazi ni ile ile: asubuhi Jumba la Wafalme, mchana Jumba la Kiangazi, kisha sokoni wakanunue hariri na kulalamikia bei. Kati yao alikuwamo Bibi Xue, mjane, amebeba mwavuli mweusi uliofunguliwa ingawa hapakuwa na mvua wala jua kali. Sisi tulilelewa na bibi mmoja, kwa hiyo umeshaelewa: alikuwa ameileta roho ya marehemu mumewe chini ya kivuli cha mwavuli ule. Mzee Liang aliendesha treni za makaa maisha yake yote, akajiandikisha kwa safari hii, akafa kabla ya mwaka mpya. Mkewe akaona haiwezekani akose kukiona kiti cha mfalme. Amtembeze mara moja, kisha amrudishe kaburini kabla ya siku ya kufagia makaburi, kwani roho ikipotea ugenini haina wa kuilisha.

Basi kila tukifika kwenye kizingiti alimwambia, "Liang, inua mguu," na kila daraja, "Liang, tunavuka, usibaki nyuma." Wenzake hawakushangaa. Mzee Fu, aliyekuwa mkata tiketi, alimtania kwamba marehemu anaingia bure na wao wamelipa. Bibi Xue akamjibu kwamba hata Liang alipokuwa hai hakuwahi kumwona Fu akilipa kitu.

Nami unaujua mdomo wangu. Mbele ya lango kuu nikashika kipaza sauti, nikapunga bendera yangu ya kijani: "Mzee Liang, dereva wetu! Njia nyeupe! Fuata bendera hii, usifuate nyingine!" Nikangoja wacheke. Hakucheka mtu. Mzee Fu akanisogelea akaniambia polepole, "Wewe kijana, unajua ulichofanya? Dereva akiona kijani hamwangalii tena mkewe. Anakwenda tu." Nilifurahi kuitwa kijana, mengine nikayapuuza.

Katika Jumba la Kiangazi nilimshikia Bibi Xue mwavuli apande ngazi. Ulikuwa mzito kama ndoo ya maji. Nikajiambia ni upepo wa ziwani. Dada, ziwa lilikuwa limelala kama kioo.

Sokoni wakatawanyika. Mimi nikatoka mlango wa nyuma kwenda kunywa chai kwa muuza hariri, ambaye hunikaribisha kila nikimpelekea wateja. Katikati ya uchochoro bendera ikanilemea begani. Nikasimama. Nyuma yangu kitu nacho kikasimama, taratibu, kama treni ndefu inayofunga breki, kisha nikasikia pumzi ikishushwa. Sikugeuka. Niliikunja bendera nikaisukuma mkobani, na chai sikuinywa.

Niliporudi, Bibi Xue alikuwa katikati ya mitandio, mwavuli ukiyumba mkononi mwake kama karatasi. Alisema Liang hayupo tena. Wazee wakaanza kumtafuta, wakiita jina lake katikati ya kelele za wachuuzi. Binti mmoja muuza vikombe akawahurumia, akauliza huyo mzee aliyepotea amevaa nini. Bibi Xue akamjibu, "Suti ya bluu. Ndiyo tuliyomzika nayo." Binti akarudi nyuma ya meza yake.

Halafu Bibi Xue akanijia mimi. "Mwongozaji, hukumwona?"

Hapa ndipo penye aibu yangu, dada. Nilimwambia sikumwona. Ni kweli macho yangu hayakuona kitu, lakini bega langu lilijua. Niliogopa dereva wa basi angenishusha akijua nimebeba roho ya mfu, na kampuni ingesikia. Nikamwacha mama wa watu apande basi na mwavuli uliofungwa, akilia bila sauti.

Tangu siku ile bendera imo kabatini mwangu. Nguo zangu zote zinanuka moshi wa makaa. Mke wangu Shuqin anadhani nimerudia sigara, na ananinusa kama mbwa wa polisi. Asubuhi mlango wa kabati huwa wazi. Jana nilishindwa, nikampigia Bibi Xue nikamweleza yote. Nilitega masikio nikisubiri matusi. Aliuliza kitu kimoja tu: kama nimempa chakula. Tangu jana namwekea bakuli la tambi.

Wiki ijayo nampeleka Mzee Liang Datong. Bibi Xue ameniagiza nisiikunjue bendera mpaka niikabidhi mikononi mwake, na kila daraja nimwambie tunavuka.

Treni yetu itasimama kidogo hapo kwenu Zhangjiakou. Nakuomba, dada, usije stesheni. Najua unavyopenda kunipungia, na najua mtandio wako ni wa rangi gani. Akiuona, atashuka kwako.

Nisalimie shemeji na wajukuu. Mungu wa jikoni akulindeni nyote.

Mdogo wako akupendaye,
Dou Jianping