Kikohozi Kinalala Kwangu

Jumatano, 2 Aprili 2025

Jumaine amefika kutoka Beni saa nane mchana. Macho mekundu, midomo mikavu. Kabla hata ya kuvua viatu akasema: "Mama Amani, sigara niliacha. Tangu siku ya Idi." Kisha akaomba maji.

Idi mwaka huu iliangukia zamu ya Hadjara. Donc, yaani, ameacha kule, mbele ya bibi mdogo, mke wake wa pili. Sababu hakusema, na mimi sikuuliza. Hadjara ana mimba ya miezi mitano, pua yake haitaki moshi. Hapo mtu anauliza nini tena?

Mimi nilimwomba miaka kumi na saba. Nilificha pakiti ndani ya unga. Nyingine niliilowesha kwenye ndoo. Siku Amani anazaliwa nilimwomba nikiwa bado nimelala kitandani. Alicheka, akatoka nje kuvuta. Huyu aliyeolewa miaka mitatu tu sijui kama aliomba hata mara mbili.

Nimesema hongera. Nimesema vizuri kabisa.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku ya nne. Amelala saa moja, labda mbili. Shuka limelowa jasho kama la mgonjwa wa malaria. Mikono inatetemeka – chai imemwagika, akapiga meza ngumi, akauliza nani ameweka kikombe hapa. Ni yeye mwenyewe! Amani akachukua begi lake akaenda shule bila kunywa kitu.

Na kikohozi. Nilidhani mtu akiacha, kikohozi kinaondoka. Kimezidi. Kinaanza kabla ya adhana na hakiishi.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumbo limefunga. Tangu juzi hajaenda choo, anatembea uani kama mtu aliyepoteza funguo.

Nimemweleza Adèle, jirani yangu wa meza pale sokoni Kimemi. Ni mtu wa kanisa, magonjwa ya watu wote anayajua. Papai na maji ya moto, amesema. Na muwa: mdomo ukitaka kuvuta, utafune. Baba yake aliacha hivyo. Wiki za kwanza ni moto, halafu unapoa.

Nimebeba papai mbili na muwa mrefu kutoka soko mpaka nyumbani, mtandio umeanguka njiani mara mbili. Jumaine amekula, ameenda choo, hakusema asante.

Jumamosi, 5 Aprili

Ameondoka asubuhi, lori lake la Fuso limejaa viazi na kabichi za kuuza Beni. Usiku alilala vizuri kwa mara ya kwanza. Asubuhi hakukohoa sana. Akanitania juu ya mtandio wangu, eti nimeufunga kama mama wa harusi. Tulicheka.

Alipokata kona ndipo nilipoelewa. Moto unawaka kwangu, ukishapoa anapelekewa yule. Jasho, ngumi, choo – Butembo. Mume – Beni.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimempigia. Anatafuna kitu. Nyuma yake mwanamke anacheka. Amesema ulimi wake umerudi, kwamba sombe ya juzi, majani ya muhogo, aliisikia mpaka kwenye jani, hajawahi kula sombe ya namna ile.

Sombe ya nani? Si yangu. Sijala leo.

Jumanne, 8 Aprili

Amerudi, na pua nayo imerudi. Alisimama mlangoni akainusa nyumba yake mwenyewe. Akasema koti lake linanuka moshi, nilifue. Mimi nimelinusa tangu nimeolewa, yeye analisikia leo! Nimelifua mara mbili. Mfuko wa ndani, ule wa pakiti, ulikuwa na vumbi la tumbaku kwenye mshono. Nimelitoa kwa ukucha mpaka likaisha.

Kwenye chakula: "Mama Amani, sauce iko na chumvi mingi."

Chumvi ni ile ile. Na tangu zamani naizidisha kwa ajili yake, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa hausikii kitu. Kule ameonja majani. Kwangu ameonja chumvi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mkanda umeruka tundu moja. Anakula karanga, anakula viazi vya watoto, anatafuna muwa mpaka uani kumejaa makapi. Anapendeza, nisiseme uongo. Uso umeacha rangi ya majivu.

Lakini asubuhi alitema kitu cheusi kwenye beseni, akakaa pembeni ya kitanda akikitazama. Huyu ni mtu aliyewahi kulala siku mbili na gari bovu porini upande wa Mbau, akarudi anacheka. Leo sauti ilikuwa ndogo.

"Sikiliza kifua yangu."

Niliweka sikio mgongoni. Kulikuwa na mluzi mwembamba, halafu moyo. Nilikaa pale zaidi ya inavyotakiwa. Harufu yake imebadilika. Sabuni, na ngozi. Miaka yote hii sikujua ngozi yake inanukaje. Halafu nikawaza: Hadjara ameijua kabla yangu.

"Labda sigara njo ilikuwa inanishikilia," alisema. "Sasa minaanguka."

Nilimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimpima, akasema mapafu yanajisafisha, arudi akiona damu. Njiani alinishika mkono mbele za watu. Nilifurahi – nilifurahi sana, nakiri. Tulipofika kwenye geti akasema:

"Mais usimuambie Hadjara. Ataogopa."

Sawa. Hadjara asiogope. Mimi niogope.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua tangu asubuhi, soko tupu. Jumaine yuko Beni tangu jana baada ya swala. Kule kuna jua.

Jumatatu, 14 Aprili

Amerudi. Vidole! Vile viwili vya mkono wa kulia, vya njano tangu nimjue, nilivyokuwa nikivitambua hata gizani kwa harufu. Vimesafika. Nikauliza ametumia nini.

"Ndimu," alisema. "Hadjara alinitafutia ndimu."

Nikaona yote. Baraza la nyumba ya Beni, mkono wake juu ya mapaja ya Hadjara, naye Hadjara anasugua kidole kimoja kimoja huku anacheka. Mimi nafua koti, yeye anasugua vidole.

Nimekata kitunguu mpaka nimejikata. Naandika na kitambaa kidoleni, acha niandike ukweli basi: nina wivu. Si uchovu, si hasira. Wivu. Nataka ashindwe. Afadhali atufukizie moshi wote wawili sawasawa, kuliko apone kwa ajili ya yule. Mungu anisamehe, lakini leo ndivyo nilivyo.

Jumatano, 16 Aprili

Nimenunua sigara. Moja. Si butiki ya jirani, nilishuka mpaka barabara kubwa. Muuzaji alitazama mtandio wangu, kisha uso wangu. Nikasema ni ya mgeni.

"Na kiberiti, mama?"

Nikasema hapana. Halafu nikasema ndiyo.

Nilikuwa sijawahi kushika sigara nzima, kavu, kwa utulivu. Kitu chepesi namna ile!

Jumaine alikuwa msikitini, alasiri. Nimeiweka mfuko wa ndani wa koti, pamoja na kiberiti, nikafunga kifungo. Asubuhi barabara ina baridi na ukungu, mkono wake utaingia wenyewe. Atavuta moja, itaita nyingine. Atafika kwa Hadjara ananuka. Sitakuwa nimesema neno.

Amerudi kutoka swala, ameimba kidogo akinawa mikono. Amekula sauce yangu, chumvi nimepunguza. Amesema ni tamu. Nimetoka kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka.

Alhamisi, 17 Aprili

Aliondoka saa kumi na mbili, koti limefungwa mpaka shingoni. Nilisimama mlangoni. Ningeweza kusema ngoja. Nilisema safari njema.

Saa tatu simu ikalia: Hadjara. Huyu hanipigii ila kuna msiba. Nilikaa chini kabla ya kupokea. Alikuwa analia. Ananiita yaya, dada mkubwa, hata akiwa amenuna.

"Yaya, unamufanyiaka nini huko? Huku kwangu anapigapiga milango. Usiku muzima anatembea mu salon ya nyumba. Sombe yangu alikula mara moja tu, tangu pale anasukuma sahani. Anasema kwa Mama Amani njo kifua yake inapumuaka."

Nikauliza juu ya ndimu.

"Mi nilinunua tu. Alikatala niguse. Alijisugua mwenyewe mpaka ngozi ikatoka, eti Mama Amani anachukiaka ile rangi."

Nikasema: lakini aliacha kwa ajili yako na mtoto.

"Mi sikumuombaka kitu, yaya. Siku ya Idi alisema wewe njo ulimuomba tangu Amani anazaliwa. Mi njo nasikia wivu."

Nilitafuta pa kuanzia. Nilitaka kumwambia: akifika, chukua koti, toa kilichomo, usiulize. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikasikia Fuso inazimwa kule. Mlango. Sauti yake inatoa salamu.

"Amefika, yaya. Ngoja nipokee koti, huku iko joto."

Hakukata simu. Aliiweka mahali. Nilisikia kitambaa kinakunjwa, kisha njiti zinagongana ndani ya boksi.

"Baba, hii ni nini? Na kiberiti?"

Nilisikia Jumaine anavuta kiti. Anajua hakuinunua. Anajua koti lilitundikwa kwa nani usiku, na ni nani aliyeusafisha mfuko ule mpaka kwenye mshono.

"Ni yangu," alisema. "Nilinunua mu njia."

Hadjara akaanza kulia upya, na yeye hakujitetea. Simu ikakatika.

Nimekaa na daftari juu ya magoti tangu pale. Sasa simu inalia, na namba si ya Hadjara. Ni ya Jumaine. Imelia mpaka ikanyamaza. Inalia tena.