Kamba ya Nguo ya Mama Hulda

Kearney, Nebraska
9 Juni 2022

Mpendwa shemeji Verlyn,

Hujambo huko Alaska? Goti limepona, au bado unachechemea na kujifanya kijana? Sisi tu wazima, ila kaka yako Duane anatembea kichwa chini kama kuku aliyenyeshewa.

Najua unajiuliza kwa nini Jumamosi mbili hizi humsikii kwenye ile redio yenu ya kupigiana gumzo. Kisa ni mama yenu.

Unajua kamati ya mtaa wetu haitaki kuona antena. Basi bingwa wako akaiondoa kamba ya kuanikia nguo, akafunga waya wa antena mahali pake, kimya kimya. Kila akibonyeza maiki kuzungumza nawe, waya wote unarusha mawimbi. Na Jumamosi asubuhi ndipo Mama Hulda huanika.

Wee! Alirudi jikoni kidole kina doa la moto, uso umechanua. "Darlene, Elmer amenigusa!" Baba mkwe, miaka minne kaburini! Jumamosi iliyofuata akapaka rangi ya mdomo, akatoka kuanika leso moja, tena kavu. Akaungua tena, akacheka peke yake.

Nikambana Duane, akanywea. Nikamwambia, "We mwanamume, unambanika mama yako mzazi!" Ati ukikaa mbali na waya hakuna neno, lakini ukiushika yale mawimbi yanaunguza nyama mpaka ndani. Sasa ameupandisha juu mtini, kwenye majani, akapima na kupima mpaka akaridhika kwamba hauwezi kumdhuru mtu.

Ila hakuthubutu kuwasha redio kabla mama hajaambiwa, na kumwambia akawa anaogopa. Hata mimi niliogopa. Kumpokonya mtu mumewe mara ya pili si mchezo.

Jana akajikaza, akasema yote. Mama akakitazama kidole chake. Mimi machozi yakanilengalenga.

Kisha akasema, "Kumbe wanangu mnaongea kila Jumamosi, na mimi niko hapo uani naanika soksi zenu? Mbona hamniiti?"

Duane akanigeukia mimi. Wewe una jibu, shemeji?

Nisalimie Ingrid na wale pacha. Mungu awaepushe na dubu na baridi. Jumamosi washa redio mapema, maana mama ameshachagua rangi ya mdomo.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, hata nikikugombeza,
Darlene