Chiriku, Panda Meli na Mumeo

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili, 14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Hujambo, mama? Habari za tangu ile simu iliyokatika maneno yakiwa bado matamu? Goti lako linaendeleaje? Shemeji hajambo? Na wale wajukuu, wamezoea shule mpya au bado wanalia getini? Sisi huku wazima. Macho yangu tu ndiyo yananisumbua, ndiyo maana unaona mistari inapanda mlima.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kinyozi, maana hapa ndipo penye mwanga mzuri. Ndiyo, kiti bado kipo. Marehemu mume wangu alipoondoka watoto walitaka kukiuza, nikawaambia waanze na kitanda changu. Wakakiacha. Kioo kirefu nacho kipo ukutani, na jua likikipiga asubuhi, harufu ya poda na spiriti inarudi chumbani kana kwamba mteja ametoka sasa hivi.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Nimefurahi sana kusikia wanao wamewakatia tiketi ya meli ya kitalii, wewe na baba yao, kwa sababu ya kustaafu kwake. Halafu nikafika kwenye ule mstari wa mwisho, uliouandika kwa herufi ndogo kama mtu anayenong'ona, kwamba unafikiria kusingizia goti ili aende peke yake.

Nimekuelewa, mdogo wangu. Umeolewa na dereva wa malori. Kwako mume alikuwa mtu wa kuja na kuondoka: anafika amechoka, analala, anaosha gari, anaaga. Sasa amekuja moja kwa moja, anakaa sebuleni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa chai, na hamna la kuzungumza. Unaogopa kufungiwa naye kwenye kachumba kamoja katikati ya bahari. Nitakujibu hilo, lakini ngoja kwanza nikupe ya safari, maana nakujua: ukiwa na hofu huwezi kusikiliza jambo la maana mpaka mizigo iwe imefungwa.

Unakumbuka mama alivyokuwa akifunga mizigo yetu ya likizo? Anatandaza nguo zote kitandani, anasimama mbele yake mikono kiunoni kama hakimu, halafu nusu zinarudi kabatini. Sisi tunalia, yeye hasikii. Fanya hivyo hivyo. Kabati la melini ni dogo, na watu wa huko hawajui kama gauni hilo ulilivaa juzi. Chukua sweta hata kama ni msimu wa joto, kwa sababu upepo wa juu ya sitaha hauna adabu, na chumba cha kulia wanakipoza kama bucha. Viatu viwe vile vilivyokwisha kukuzoea mguu. Vipya viache nyumbani.

Dawa zako, pasipoti, miwani na nguo ya kubadilisha viweke kwenye mkoba wa mkononi. Mizigo mikubwa wanakupokea bandarini na huletwa chumbani baadaye, pengine usiku umeshaingia. Mimi nilipopanda na marehemu sikulijua hilo, nikala chakula cha kwanza cha heshima nikiwa na nguo ya safari na ndala.

Waambie wanao waangalie viza za kila nchi mtakayoshuka, si ile mnayoanzia tu, na wawakatie bima ya safari. Msifike bandarini siku ile ile ya kuondoka. Laleni karibu, hata kwa jamaa, maana basi likiharibika njiani meli haina habari na nyinyi. Kama chumba bado hakijachaguliwa, ombeni cha katikati ya meli, cha chini chini. Huko hakuyumbi sana. Watu hukimbilia vya juu kwa sababu ya kuona mbali, kisha wanashinda wamekumbatia ndoo.

Kichefuchefu kikianza, usijifungie chumbani. Toka nje, tazama mbali pale maji yanapokutana na mbingu, tafuna tangawizi. Vidonge vya kuzuia muulize daktari wako kabla, kwa sababu ya zile dawa zako za presha. Kunawa mikono ndiyo usiseme, watu wengi wanashika vijiko vile vile. Na chakula, Chiriku, chakula kipo asubuhi mpaka usiku na hakikimbii. Siku ya kwanza nilikula kama niliyeambiwa kesho hakipo, nikajuta. Vinywaji vingine na mtandao wa simu hulipiwa mbali, kwa hiyo ulizeni kabla ya kugusa.

Sasa lile jingine.

Mimi na shemeji yako marehemu tulipanda ile meli tukiwa na tatizo lililo kinyume na lenu. Wako hasemi. Wangu alikuwa hanyamazi. Ulimjua, alikuwa kinyozi mpaka kwenye mifupa: akikutana na kichwa, lazima akiongeleshe. Kabla hatujaiacha bandari alikuwa ameshamfahamu mhudumu wa chumba, fundi wa mitambo, na mzee mmoja mstaafu wa posta aliyekuwa akisafiri na kasuku wake wa mbao. Mezani kila mtu anamwita. Mimi nimekaa pembeni na kitambaa changu mapajani, nakata nyama, najiuliza nimekuja kufanya nini. Nilikuwa nimeota safari ya wawili, nikajikuta ndani ya duka la kinyozi lenye watu elfu.

Tulipotia nanga kwenye mji wa kwanza, nikamwambia nashuka peke yangu. Akasema sawa, akaendelea na hadithi yake. Nilishuka nimenuna mpaka mashavu yananiuma.

Ule mji ulikuwa na soko la vitambaa, na wewe unanijua nikiona vitambaa. Nilizunguka, nikapapasa, nikapatana bei, hasira ikanitoka kidogo kidogo. Kila mara nilikuwa naangalia saa kubwa ya stesheni, naona bado nina nafasi ya kutosha. Kumbe meli ina saa yake na mji una saa yake, na ya mji ilikuwa nyuma. Hilo liandike hata kwenye kiganja: baharini fuata saa ya meli, na ukishuka ulize mwisho wa kurudi ni lini, urudi mapema zaidi ya hapo.

Nilipokunja kona ya bandari, nikaona sitaha zimejaa watu wanapunga mikono, na vijana wanafungua kamba. Nilikimbia, mdogo wangu, na mwili wangu huu, kitambaa begani kinafunguka kama bendera.

Chini ya ngazi alikuwa amesimama kinyozi wangu. Alikuwa amevaa ndala, ameshika sanduku letu lililofungwa vibaya, mguu wa suruali unaning'inia nje, na mkononi mfuko wa dawa zangu. Ofisa wa meli alikuwa akimbembeleza apande, anamwambia mkeo atatukuta bandari inayofuata, tutamsaidia. Nikamsikia akimjibu polepole, bila ile sauti yake ya dukani.

"Bwana, mimi nilikuja na mtu. Siwezi kuondoka bila mtu wangu."

Nilifika sina pumzi, nimejiandaa kwa maneno. Aliniangalia, akanipokea mzigo, akauliza, "Umenunua nini?"

Basi. Tukapanda, ngazi ikaondolewa nyuma yetu.

Chumbani ndiko nilikoona mikono yake ikishindwa kuurudisha ule mguu wa suruali sandukuni. Mikono ya kinyozi, Chiriku, iliyopitisha wembe kwenye koo za watu maisha yake yote. Alikaa kitandani, sanduku bado liko miguuni, akauacha mguu wa suruali uning'inie. Kisha akasema, "Nilitazama watu wote wale juu, wote nimeshaongea nao. Nikaona sina wa kuongea naye."

Nilimvua ndala tu, zilikuwa zimelowa.

Tangu siku ile tukawa tunaamka kabla ya wenzetu, tunachukua chai, tunakwenda kukaa sitaha ya nyuma, pale unapoona povu jeupe likibaki majini njia nzima mliyopita. Hatukuwa na mazungumzo makubwa. Alinieleza jinsi baba yake alivyomfundisha kunoa wembe, jambo nililokuwa sijawahi kumuuliza. Nami nikamweleza ndoto zangu za usichana, akacheka mpaka chai ikamwagika. Baada ya hapo anakwenda kwa rafiki zake, nami nakwenda kulala kwenye kiti cha kamba chini ya kivuli. Ndiyo ushauri wangu mkubwa: msishinde pamoja kutwa, meli ni kubwa. Tafuteni pembe yenu moja na wakati wenu mmoja, yaliyobaki kila mtu na lake.

Hiyo ndiyo safari tuliyokuwa tukiirudia, mimi na yeye, mpaka alipougua. Hata sauti ilipomwisha, nikimtajia sitaha ya nyuma alikuwa ananifinya kidole.

Sasa nakwambia jambo nililoombwa nisiseme. Juzi shemeji alinipigia simu. Nilishtuka, maana katika miaka yote hii hajawahi kunipigia ila msiba uwepo. Akasalimia, akauliza mvua, akauliza bei ya unga, nikasikia anakohoa. Kisha akasema, "Shemeji, wewe umekua naye. Akikaa mwenyewe huwa anapenda kuongea nini? Mimi nimezijua barabara tu."

Nilitaka kumtajia yote, tangu kuku wako wa utotoni mpaka nyimbo za kwaya. Nikajizuia. Nikamwambia akuulize mwenyewe. Akikuuliza, nakuomba usimkatize. Atachukua muda kulipanga swali.

Nisalimie Bibi Harusi wa zamani, mwenzako wa kicheko hapo jirani. Nisalimie mkweo mwalimu na mumewe, na wajukuu wote hadi yule asiyetaka kuogeshwa. Wifi mshona mashuka anakusalimu, na kaka mkubwa anasema goti lipakwe mafuta ya moto lisiwe kisingizio. Mungu awatulizie maji mwendako, awarudishe mkiwa na mengi ya kuambiana.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipoletwa nyumbani umefungwa kwenye blanketi la bluu,

Dada Mkubwa